Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu "Who Killed Captain Alex?", Filamu ya Makomando wa Wakaliga

Filamu hii ikitajwa tu mbele ya Waswahili wa Kampala, iwe Nsambya, Katwe au Kisenyi, maswali huanza kumiminika, na mengi ni yale yale. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu yake. Swali la nani alimuua Alex linafichua mwisho wa hadithi, kwa hiyo ambaye hajaitazama aliruke kwanza.

Filamu hii ni ipi, na inahusu nini?

Ni filamu ya mapigano iliyotengenezwa mwaka 2010 Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini upande wa Rubaga, hapa Kampala. Mwongozaji wake ni Isaac Godfrey Geoffrey Nabwana, maarufu kama Nabwana I.G.G. Hadithi aliandika yeye, kamera alishika yeye, kuhariri akahariri yeye. Kampuni yake, Ramon Film Productions, imepata jina kutoka kwa nyanya zake wawili, Rachel na Monica, na studio ni nyumbani kwake. Studio hiyo hujulikana kama Wakaliwood, jina lililotoka kwenye jina la mtaa.

Kapteni Alex, komando hodari kuliko wote Uganda, anapewa kazi ya kulisambaratisha genge la Tiger Mafia. Makomando wanavamia, mdogo wa bosi wa genge anatiwa mbaroni, na bosi mwenyewe, Richard, anaapa kulipiza kisasi. Anatuma watu wakamlete Alex akiwa hai. Wanafika na kukuta ameshauawa. Hapo ndipo anapojitokeza Bruce U, ndugu yake Alex na bingwa wa kung fu, akimsaka muuaji. Richard naye anaona njia ya mkato ni kuishambulia Kampala kwa helikopta. Kuanzia hapo ni risasi tu, na yote yanakwisha ndani ya saa moja na dakika chache.

Kapteni Alex ni polisi au mwanajeshi?

Mwanajeshi, wa UPDF, jeshi la Uganda. Lakini kiunzi cha hadithi ni cha filamu za polisi tulizokulia nazo: afande asiyeogopa kitu, jambazi mkuu mwenye hasira zisizo na breki, uvamizi wa ngome, mateka wa kuhojiwa, ndugu wa marehemu anayetaka haki, jiji zima hatarini. Na raia wa kawaida hapa Uganda hatofautishi sana. Aliyevaa sare na kubeba bunduki ni afande.

Je, ni filamu ya mzaha iliyokusudiwa kuchekesha, au wametaka kutengeneza filamu ya kweli ikawashinda?

Hili ndilo swali ninalolijali kuliko yote. Jibu langu ni kwamba si hili wala lile.

Kuna filamu za mzaha ambazo kila kichekesho kimepangwa mezani kabla kamera haijawashwa. Mfano unaojulikana sana ni The Naked Gun ya mwaka 1988, ambamo Leslie Nielsen anaigiza afisa wa polisi Frank Drebin. Drebin anafanya kila upuuzi bila hata tabasamu, na uso wake mkavu ndio unaovunja mbavu. Mganda yeyote aitafute japo kwa dakika zake za mwanzo. Mandhari ni Beirut, maadui wa Marekani wameketi kikao cha siri, na mmoja wao ni mwigizaji aliyevalishwa kama Idi Amin. Drebin yumo humo humo, amejifanya mhudumu, na baada ya muda mfupi anawachapa wote. Amin alipinduliwa mwaka 1979, lakini miaka tisa baadaye Hollywood ilikuwa bado inaihitaji sura yake.

Nabwana hakukaa chini kuzidhihaki filamu za mapigano. Anazipenda. Na alizipenda kabla hajaziona, kwa sababu utotoni mwake kaka yake ndiye aliyekuwa akienda kuzitazama, kisha anarudi nyumbani kusimulia. Nabwana alizijua sinema kwa masikio kwanza.

Ukilijua hilo, filamu nzima inafunguka. Mtoto anayesimulia muvi hasemi mtu alifunga mlango, akawasha gari, akasubiri taa za barabarani. Anasema teke, mlipuko, kiapo, teke jingine. Na anasimulia kwa moyo wote, mikono hewani, sauti za bunduki zikitoka mdomoni mwake. Captain Alex imejengwa hivyo hivyo. Sehemu za kuunganisha zimekatwa au hazikupigwa kabisa, na utamu wote umeachwa. Watu wanakufa kwa madaha, wengine hewani, wengine wakiwa bado wanapiga kelele. Huo ni utiaji chumvi wa msimuliaji hodari, na kila mtu aliyewahi kusimuliwa muvi na kaka yake barazani anaujua.

Kwa hiyo tunaruhusiwa kucheka? Ndiyo, na kwa sauti. Waliomo ndani wanataka ucheke na ushangilie. Ninachokipinga ni kile kicheko cha kuwacheka watu kwa sababu ya kuta za matofali yasiyopigwa lipu na bunduki za mbao. Anayecheka hivyo anautazama umaskini na kuikosa filamu.

Yule mtu anayepiga kelele juu ya filamu ni nani, na kwa nini hanyamazi?

Ni VJ Emmie. Kwa Uganda, VJ si mcheza muziki wa video. Ni mtu anayeifasiri filamu papo kwa papo na kuitia vichekesho.

Ambaye hajawahi kuingia kwenye kibanda cha video, apige picha hii. Nje kuna ubao mweusi wenye majina ya filamu za leo yaliyoandikwa kwa chaki. Unalipa mlangoni, unasukuma pazia zito, unaingia gizani. Mabenchi ya mbao yamejaa, joto linapanda, mbele kuna televisheni au ukuta uliomulikwa. Filamu ni ya Hong Kong, ya India au ya Marekani, na wengi waliokaa pale hawaielewi lugha yake. Pembeni ameketi jamaa mwenye kipaza sauti. Muigizaji anapofungua mdomo, jamaa anashusha sauti ya filamu na kuzungumza badala yake kwa Kiganda. Kwanza anafasiri. Kisha anaongeza: huyu mwizi anafanana na fulani wa mtaa wa pili, ile gari imenunuliwa kwa mkopo, ngumi inayokuja sasa usipepese macho. Watu wanachagua kibanda kwa sababu ya VJ kuliko kwa sababu ya filamu. VJ Jingo alijenga jina kubwa nchini kwa kazi hiyo hiyo.

Jambo hili si geni kwa majirani zetu. Kenya wana DJ Afro, na Tanzania walimjua Lufufu. Tofauti ni kwamba Wakaliga walimweka VJ ndani ya filamu yao wenyewe, filamu ya Kiganda iliyotengenezwa na Waganda, ambayo haikuhitaji kufasiriwa kwa watu wa mtaani. Waliona filamu bila VJ haijakamilika, kama vile harusi haijakamilika bila msema chochote. VJ Emmie anawatambulisha waigizaji, anawasifu, anawatania, anatangaza mapigano kabla hayajafika, na kila baada ya muda anapaza "Commando!" au "Supa action!" ili mtu asisinzie. Anaisifia Uganda kwa furaha ambayo sijaisikia katika tangazo lolote la utalii.

Wanaoitazama mara ya kwanza huchoka naye katika dakika kumi za mwanzo. Vumilia. Ikifika nusu utajikuta unamsubiri.

Naweza kupata nakala isiyo na sauti ya VJ?

Huwezi. Filamu ilihaririwa kwenye kompyuta iliyounganishwa kwa vipuri vikuukuu, na nafasi ya kuhifadhia ilikuwa ndogo. Ili filamu iliyofuata itengenezwe, ilibidi hii ifutwe. Kilichosalia ni nakala ya DVD yenye sauti ya VJ juu yake. Ndiyo maana picha ina ukungu na kingo za vitu zinakatikakatika. Hakuna aliyedhani kwamba mtu wa nje ya mtaa angekuja kuiulizia.

Jambo hili linaniuma. Kuna kazi nyingi za vibanda vya Afrika Mashariki zilizopotea hivyo hivyo, kanda moja ikirekodiwa juu ya nyingine. Hii ilinusurika kwa nakala moja.

Ni kweli iligharimu chini ya dola 200?

Hicho ndicho kiasi kinachotajwa siku zote, na hata ukitembea ndani ya filamu hiyo picha kwa picha utaona kinaingia akilini. Ila kumbuka kiasi hicho hakijahesabu kazi ya watu. Hakuna aliyelipwa siku za mazoezi, hakuna aliyelipwa kwa mavazi aliyoyatoa nyumbani, na mwongozaji mwenyewe aliwahi kufyatua matofali ili apate fedha za kuanzia. Ukisema filamu ilikuwa ya bei rahisi, taja na jasho lililoingia.

Bunduki, damu, risasi na helikopta vilipatikana wapi?

Bunduki ni za mbao na vyuma chakavu. Fundi anayejulikana zaidi kwa kazi hii Wakaliga ni Dauda Bisaso, mtu anayeweza kuokota mabomba na vipande vya mashine na kukutengenezea bunduki kubwa ambayo ukiiona kwa mbali unainua mikono. Vifaa vya kushikia kamera pia vilitoka kwenye vyuma vya namna hiyo hiyo.

Damu ina hadithi yake. Mwanzoni walitumia damu ya ng'ombe, mpaka mtu mmoja akaugua, wakahamia kwenye rangi ya chakula. Namna inavyoruka ndiyo inayonifurahisha. Kondomu inajazwa maji mekundu, inafungwa, inawekwa chini ya shati na kuunganishwa na mshipi wa kuvulia samaki. Mwigizaji "anapopigwa risasi", mshipi unavutwa, kondomu inapasuka, shati linalowa wekundu na mtu anaanguka. Ukiangalia kwa makini katika baadhi ya vifo utaona kitambaa cha shati kikicheza sekunde moja kabla damu haijatokea. Hapo ni mshipi umevutwa.

Moto wa mdomo wa bunduki, milipuko na majengo yanayobomoka viliongezwa baadaye kwa kompyuta. Kwa picha za kubandika juu ya nyingine, kitambaa cha kijani kilinunuliwa sokoni na kutundikwa ukutani. Helikopta inayoitia Kampala kiwewe ni ya kompyuta. Umbo la helikopta la vyuma linaloonekana kwenye picha nyingi za watu waliotembelea Wakaliga ni kazi ya mikono ya Bisaso.

Haya yote yalifanywa katika mtaa ambako umeme hukatika bila taarifa na vumbi huingia kwenye kila mashine. Nani kati yetu hajapoteza kazi ya siku nzima kwa umeme kukatika? Sasa ifikirie kazi ya kuchora moto wa bunduki fremu kwa fremu.

Waigizaji ni nani? Walilipwa?

Ni watu wa mtaani na marafiki waliokuja kwa mapenzi. Bukenya Charles, anayeigiza Bruce U, ni mwalimu wa kung fu, na mateke unayoyaona ni ya kweli kwa maana ya kwamba aliyapanga na kuyafundisha yeye.

Mshahara haukuwepo. Mapato yalikuwa kwenye mauzo. Waigizaji walizichukua DVD na kuziuza nyumba kwa nyumba, wengine wakiwa wamevaa yale yale mavazi ya kwenye filamu, na kila muuzaji akabaki na sehemu ya alichouza. Ilibidi wakimbie, kwa sababu baada ya kama wiki moja wanakili haramu walikuwa wameshaimwaga mjini kwa bei ya chini.

Basi nani alimuua Kapteni Alex?

Filamu haisemi. Umesoma vizuri: jina la filamu linauliza swali na filamu inakwisha bila kulijibu. Richard hakumuua, maana watu wake walimkuta ameshakata roho. Bruce U anatafuta, anapigana na kila anayekutana naye, na jibu hapati. Nimesikia nadharia za kila aina, na mabishano ya barabarani kutoka kibandani hadi stendi ya boda boda ni sehemu ya burudani. Mimi naamini kifo chake kiliwekwa ili kisasi kianze. Kisasi kilipopamba moto, hakuna aliyekumbuka kurudi nyuma kumtafuta mwenye kosa.

Inazungumzwa lugha gani? Msemaji wa Kiswahili ataielewa?

Wahusika wanaongea Kiganda, na VJ Emmie anaongea Kiingereza kilichochanganyika na Kiganda. Nakala ya intaneti ina maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Mkongomani au Mtanzania aliyefika Kampala juzi atafuata hadithi kwa macho bila shida, ila utani wa VJ utampita kidogo.

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu Katiba ilipofanyiwa mabadiliko mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Natamani sana siku moja vijana hao wanaokisoma shuleni wakae na filamu hii na kipaza sauti. Kwa sasa, ukiitazama na familia, mwenye kujua Kiganda akae katikati na awasimulie wenzake kadiri inavyokwenda. Ndivyo filamu hizi zilivyotazamwa tangu mwanzo.

Mbona dunia inaijua kuliko majirani zetu hapa?

Trela iliwekwa YouTube mwaka 2010 na ikasambaa nje ya nchi haraka. Alan Hofmanis wa New York aliiona, akapanda ndege mwaka 2011 kuja kumtafuta aliyeitengeneza, na baadaye akahamia Wakaliga kabisa. Filamu nzima iliwekwa YouTube mwaka 2015. Kwa hapa nyumbani ilikuwa DVD moja kati ya nyingi zilizouzwa mlangoni.

Pia kuna Waganda wanaoionea aibu. Wanasema inawaonyesha wageni mitaro na mabati yenye kutu, na kwamba kuna filamu za Kiganda zilizopigwa vizuri zaidi. Hoja yao naielewa. Lakini mitaro hiyo ipo, na waliozaliwa kando yake wameamua kujionyesha wakiwa makomando, wauaji wa kukodiwa na mabingwa wa kung fu. Sioni aibu ilipo.

Watoto wanaweza kuitazama?

Watu wanapigwa risasi kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo wadogo kabisa wasiitazame peke yao. Wale wakubwa kidogo wataipenda, na njia nzuri ni kuwaeleza habari ya kondomu, au "mfuko wa damu" kama unaona haya, kabla hamjaanza. Watoto wa Wakaliga wenyewe wana kundi lao, Waka Starz, wanafanya kung fu na muziki.

Nikiimaliza, nitazame nini tena?

Bad Black ya mwaka 2016, bila kusita. Ndani yake Hofmanis anaigiza daktari kutoka Marekani anayefundishwa ukomando na mtoto wa mtaani aitwaye Wesley Snipes, na hapo utani umepangwa kwa makusudi zaidi kuliko katika Captain Alex. Kisha Crazy World, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2019. Anayetaka kumjua Nabwana na mkewe Harriet, ambaye ni nguzo ya shughuli nzima, atafute filamu ya kumbukumbu ya Once Upon a Time in Uganda. Mwaka 2022 kundi hilo lilialikwa kwenye maonyesho ya sanaa ya documenta, Kassel, Ujerumani, na huko nako wakaonyesha filamu yao, Football Kommando.

Naweza kwenda Wakaliga kuwaona?

Ndiyo, wageni wengi wamekwenda. Unapanda boda boda au teksi za kuelekea Nateete na kuulizia ukifika karibu, watu wanapajua. Kumbuka unaingia kwenye makazi ya watu: salimia, jitambulishe, usianze kupiga picha watoto na nyumba kabla hujaruhusiwa, na ukipata DVD za kuuzwa nunua, kwa sababu ndizo zinazolipia filamu ijayo.

Kuna uwezekano mkubwa utaombwa kufa mbele ya kamera. Ni heshima wanayowapa wageni, kubali. Usivae shati unalolipenda, kwa sababu ile rangi ya chakula haitoki upesi, hasa kwenye kitambaa cheupe.